Kimo cha Kasha la Kindi

“Na kimo je?”

Swali hilo liliulizwa zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakijenga, wakipika na kusutana kama sisi. Wakati ule hakuna aliyelijibu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wadogo zangu.

Ndovu, Nyati, Kindi na Bi Digidigi walilima shamba moja la maboga. Kila mavuno waligawana kwa ungo: huyu ungo, yule ungo, mpaka rundo liishe. Mwaka huo Kindi akaruka juu ya kisiki.

“Jamani, ungo unatuchosha! Kila nyumba ilete kasha moja, lijazwe mara moja, basi. Baba Ndovu apime midomo ya makasha kwa kamba yake. Midomo ikiwa sawa, ugomvi utoke wapi?”

“Hapo umenena!” Ndovu akasema.

Bi Digidigi alikuwa na mimba kubwa, na kiangazi kilikuwa mlangoni. Akauliza, “Na kimo je?”

“Kimo cha nini, mama?” Nyati akaangua kicheko. “Kwani wewe unakula kwa kisogo? Kinachokula ni mdomo!”

“Lakini baba Ndovu...”

“Aliyebisha atapokea mwisho,” Ndovu akamkata.

Eti kuuliza ni kubisha!

Siku ya mgao Ndovu, Nyati na Bi Digidigi wakaja na makasha mafupi. Kindi, baada ya kushinda akigonga mbao, ngo! ngo! ngo!, akaja akiburuta kasha refu kama mlango. Ndovu akanyoosha kamba kwenye kila mdomo. Huku, maboga manne. Huku, manne.

“Sawasawa!” akatangaza.

“Baba, la Kindi limenipita mara tano!” Bi Digidigi akalia.

“Kwangu mimi halifiki hata begani. Jazeni!”

Pu! pu! pu! La Ndovu, matabaka mawili, likajaa. La Nyati vilevile. La Kindi? Pu! pu! pu! Nyati anatupia, jasho linamtoka.

“Halijai tu hili?”

“Bado kidogo, mjomba! Tupia!”

Bi Digidigi akachora mchangani kwa ukwato. “Chini yanakaa manne kwa manne, kumi na sita. Ninyi mna matabaka mawili: thelathini na mawili. Yeye ana matabaka kumi. Mia moja na sitini! Mdomo mmoja, matumbo matano!”

Ndovu akageuka kulitazama rundo. Palibaki majani makavu na boga moja lililooza.

“Loo!”

Kindi alikwisha kufunga mfuniko, ka! “Mila ni mila, baba. Mgao ukishatoka haurudi.” Akakenua meno.

Na mnajua alitaka nini? Mbegu! Alipasua boga moja baada ya jingine, akatafuna mbegu, nyama yake akaiacha juani. Ikaoza. Uvundo ukaingia kila nyumba, na jua likazidi kukausha majani.

Uvundo ule ndio uliomwondoa Ndovu kitandani. Akachukua maboga mawili kutoka kasha lake, akaenda kwa Bi Digidigi.

“Hodi, mama!”

Akaita tena.

“Hodi! Nimekuletea kidogo.”

Akachungulia. Majivu ya jikoni yalikuwa baridi. Mama yule alikwisha kuhama na mimba yake, kuvuka bonde lisilo na maji, na hakuna aliyemwona tena.

Ndovu akasimama mlangoni, maboga mkongani.

“Kimo,” akasema polepole, “kilikuwa matabaka kumi, mama. Uliuliza vizuri.”

Aliijibu nyumba tupu.

Asiyepima kimo hajapima kitu.

Nawaombeni jambo moja tu, wadogo zangu: mtu akiuliza kabla ya mgao, mjibuni.