Jina Lililomponyoka Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mbona mnaitika kama mliopewa uji usio na sukari? Mara ya pili hiyo. Paukwaa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Kaeni vizuri basi. Na wewe mwenye karanga, tafuna umalize, maana hadithi hii ina mahali pa kunyamaza, na pakifika nitawaambia.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa wakicheza mpira. Si mpira wa kujifurahisha, la! Mpira wa kula. Timu yenye uwanja ilikuwa na majani yake na maji yake, na mchezaji alikula kwa jasho la miguu yake. Timu ikivunjwa, kila mtu na njaa yake.

Kando ya dimbwi palikuwa na timu ikiitwa Wana Tope. Nahodha wao alikuwa Ngiri, mwanamke wa shoka, beki wa kati. Ukimwona anakuja na meno yale, wewe mpira unauacha mwenyewe unakwenda zako. Siku hizo mkia wake ulining'inia chini, ukiburuzika mavumbini. Kumbukeni huo mkia.

Na nyuma ya Ngiri, langoni, alikuwa Korongo. Korongo hakuwa na sauti, jamani. Hakujaliwa. Alikuwa na mdomo mrefu tu, na ule mdomo akiugonganisha unasikia tatatata! Mpira ukija, Ngiri hageuki nyuma. Anasikia tatatata! na anajua maana yake. Maana yake: nipo. Korongo na miguu yake mirefu anauona uwanja wote, toka pembe hii hadi pembe ile. Nipo. Basi Ngiri anakwenda mbele na moyo wake umetulia.

Lakini Korongo alikuwa ndege wa safari. Mvua zikiisha anaruka, anakwenda huko wanakokwenda makorongo. Mvua zikianza anarudi. Kila mwaka hivyo. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi.

Mwaka huo mvua zikaanza. Korongo hakurudi.

Ngiri akangoja. Nyasi zikaota. Akangoja. Vyura wakazaa. Akangoja. Akawa akipiga magoti kula majani anaimba peke yake, kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie:

Mvua ile imekuja,
nyasi nazo zimekuja,
wewe tu ndiye hujaja.

Ushikeni huo wimbo, mtanisaidia mbele.

Langoni wakamweka Kobe. Msicheke! Hapakuwa na mwingine. Mpira unapigwa, wu! unaingia, wapinzani wanashangilia, wanamaliza kushangilia, wanakunywa maji, ndipo Kobe anaruka. Mwenyewe anasema, "Nilikaribia." Alikaribia nini, hatukujua.

Ila ubaya haukuwa wa Kobe peke yake. Ngiri naye kila mpira ukija alikuwa anageuka nyuma. Anageuka, anatazama lango, anatazama juu ya lango, na mshambuliaji ameshapita. Wakafungwa na Wana Mlima. Wakafungwa na Wana Miiba. Wakafungwa na watoto wa panya buku waliokuja kufanya mazoezi tu. Msimu ukaisha Wana Tope wakiburuza mkia.

Sasa sheria ya nchi ile ilikuwa moja. Timu ikiburuza mkia misimu miwili mfululizo, basi, imevunjwa. Uwanja wake wanapewa Nyati walalie. Lakini sheria hiyo hiyo ilikuwa na huruma kidogo. Kabla ya msimu mpya kulikuwa na Siku ya Mwito. Vijana wote wasio na timu wanasimama duarani pale mtoni, na timu zinawaita kwa majina. Iliyokuwa ya mwisho inaita kwanza. Inamchagua inayemtaka. Jina likitoka mdomoni halirudi.

Kesho yake ndiyo ilikuwa Siku ya Mwito. Wana Tope wakakutana kwenye tope lao kushauriana.

Kocha alikuwa Mzee Nungunungu. Akikasirika miiba inasimama, na siku hiyo ilikuwa imesimama tangu asubuhi.

"Tunataka golikipa," akasema. "Yupo Kima. Ana mikono minne ukihesabu miguu, na mkia wa akiba. Tumwite Kima tumalize."

"Mimi naona Swala," akasema Ngiri haraka. "Mshambuliaji. Tukifunga mabao ya kutosha, golikipa wa nini?"

Digidigi, winga wao mdogo mwenye domo, akaruka juu. "Dada Ngiri! Tukifunga mawili tukafungwa matano?"

"Basi tufunge sita."

"Na wakifunga saba?"

"Tufunge manane!"

"Hizo hesabu umefundishwa na nani wewe?"

"Kobe atakaa langoni," akasema Ngiri. "Kobe anatosha."

Kobe akatoa kichwa polepole. "Mimi sitoshi, mama. Mimi nimeshika nafasi ya mwenyewe tu. Nafasi ya mtu inachosha."

Nungunungu akamsogelea Ngiri. Miiba ikalala kidogo.

"Mwanangu, niambie kweli. Unamngoja?"

"Namngoja nani?"

"Wajua nani."

"Mimi simngoji mtu," akasema Ngiri. "Aliyekwenda amekwenda. Mniitie Kima wenu, hata mimi mwenyewe nitamwita. Nyie mnanionaje?"

Alikuwa anasema uongo, masikini. Huku anasema, macho yake yalikuwa juu, kule mawingu yanakotokea. Roho ilikuwa inamuuma kweli kweli, na aliona aibu kuisema. Nahodha mzima, anamlilia ndege!

Wakakubaliana. Kima. Na nahodha ndiye atakayemwita.

Kukakucha. Mtoni pamejaa. Vijana wamesimama duarani, kila mmoja amejipangusa vumbi, kila mmoja moyo unamdunda du, du, du. Yupo Swala, anaringa na shingo yake. Yupo Kima, anarusha tunda juu na kulidaka bila kulitazama. Na pembeni kabisa yupo Kanga, mfupi, manyoya ya madoa, anapiga kelele peke yake: cheke-cheke-cheke! Kanga huyo alikuwa akija kila mwaka kutaka kuwa golikipa. Kila mwaka wanamwacha. Wanasema ana kelele, atawatia mabeki wazimu. Na ni mfupi, nyasi zikisimama hamwoni hata beki wake. Lakini kila mwaka anajipangusa, anakuja.

Mwamuzi wa mwito alikuwa Kiboko, yumo majini. Akafungua kinywa. "Wana Tope! Iteni!"

Ngiri akasogea mbele. Akamtazama Kima. Akasema moyoni: Kima. Akameza mate. Kima. Ulimi umeshajipanga. Kima. Na hapo hapo kukapita upepo wenye harufu ya mvua, akafungua kinywa, akaita kwa nguvu zake zote:

"KORONGO!"

Lo salaale!

Mtoni kote wakaangua kicheko. Digidigi akaanguka chali. Ngiri akajiziba mdomo, lakini jina lilikuwa limeshatoka. Na jina likitoka halirudi.

Kiboko hakucheka. Sheria ni sheria. "Korongo ameitwa," akasema. "Ninazama. Nikiibuka awe ameingia duarani. Asipoingia, Wana Tope wataita wa mwisho."

Akazama. Bwumm!

Hapa ndipo pa kunyamaza. Nyamazeni.

Maji yakatulia. Kicheko kikafa chenyewe. Ngiri akainua uso, akatazama juu. Hakujali tena nani anamwona. Na Digidigi, yule wa domo, naye akatazama juu. Kobe akatoa shingo yote, mpaka ile sehemu asiyoitoaga. Na Mzee Nungunungu, aliyesema tumalize, tumalize, alikuwa ameinua uso na miiba yake yote imelala, hata mmoja haukusimama. Wote walikuwa wanangoja. Kumbe mwaka mzima wote walikuwa wanangoja, kila mmoja kivyake.

Mbingu ilikuwa nyeupe. Hakuna aliyepita.

Pwaaa! Kiboko akaibuka, maji yanamchuruzika puani. Akatazama duara. "Hayupo," akasema, kwa upole kidogo. "Wana Tope, mwishoni."

Wana Mlima wakamwita Kima. Wana Miiba wakamwita Swala. Akaitwa huyu, akaitwa yule, duara likapungua, likapungua, mpaka akabaki mmoja amesimama, amejipangusa vizuri, cheke-cheke-cheke. Kanga.

Digidigi akamgeukia Ngiri, machozi yanamlengalenga. "Umetuua, dada! Nyati washaanza kuupima uwanja!"

"Nisameheni," akasema Ngiri. Akapiga magoti pale pale matopeni. "Nina hamu naye. Haya, nimesema. Kila mpira ukija nageuka kumtafuta. Nikigeuka simwoni, na miguu inakufa. Nilidhani nikinyamaza itaisha."

Nungunungu akakaa chini kando yake, mbali kidogo, si unajua ile miiba. "Hata mimi, mwanangu. Na huyu. Na huyu. Ungesema jana pale kwenye tope. Tungelia jana, leo tungekuja na akili zetu."

Ngiri akauanzisha ule wimbo wake, wakauimba wote pamoja. Haya, nisaidieni:

Mvua ile imekuja,
nyasi nazo zimekuja,
wewe tu ndiye hujaja.

Kisha Ngiri akainuka, akamwendea Kanga, akamwita jina lake. Kanga akaruka. "Mimi? Mimi kweli? Siyo kwa bahati mbaya?"

"Ni kwa bahati mbaya," akasema Ngiri. "Lakini njoo."

Mechi ya kwanza ikafika. Mpira unakuja, Kanga huku nyuma anapasua koo: "Nipo! Cheke-cheke! Nipo!" Na Ngiri? Akageuka nyuma. Akatazama juu ya lango. Wu! Bao. Mpira ukaja tena. "Nipo! Nipo!" Ngiri akageuka tena, akatazama juu. Wu! Wakafungwa.

Baada ya mechi Kanga akamvaa. "Dada Ngiri! Mimi nipo hapa chini, wewe unatazama juu! Huko juu unamtafuta nani?"

Ngiri akainamia nyasi, akaanza kula.

Kanga akashusha sauti, na kwake kushusha sauti ni kazi. "Najua unayemtafuta. Mimi siye. Mdomo wangu haugongani, na miguu yangu unaiona ilivyo. Nitaita kwa sauti yangu mwenyewe. Ila na mimi nina shida yangu. Yeye alikuwa anakuona toka juu. Mimi mfupi, wewe ukiingia kwenye nyasi nakupoteza, sijui nimwambie nani nini. Inua huo mkia, dada. Uinue wima, niuone juu ya majani. Wewe nionyeshe ulipo, na mimi nitakwambia nilipo."

"Niinue mkia? Mbele za watu?"

"Si umeshaita mtu asiyekuwepo mbele za watu? Aibu gani imebaki?"

Ngiri akacheka. Kucheka kwa kwanza tangu mvua zianze. Akaujaribu mkia. Ukasimama, twii!

Mechi iliyofuata wakaingia uwanjani mkia wima. Mpira ukaja. Kanga akauona mkia juu ya nyasi. "Kushoto, dada! Nipo! Nipo! Nipo!" Shingo ya Ngiri ikataka kugeuka. Ikataka sana. Akaikaza. Akaenda mbele, akaunyang'anya mpira, akampa Digidigi, Digidigi huyoo, kwata-kwata-kwata, bao!

Hawakuchukua kombe, msije mkasema nimewaongopea. Walishinda hapa, wakafungwa pale, mara moja na Kima na mikono yake yote. Lakini mkia hawakuburuza. Msimu ukaisha wakiwa katikati, majani yao yao, tope lao lao, na Nyati wakaenda kulala kwingine.

Mwaka ukazunguka. Mvua zikaja.

Siku moja Ngiri alikuwa amepiga magoti anakula, Kanga kando yake anapiga porojo zisizo na mwisho. Mara huko juu, juu kabisa, makorongo wakapita. Wengi, weupe, wanakwenda mbali. Na katikati yao, kwa mbali, kama masikio hayakudanganya: tatatata. Labda yeye. Labda siye. Hawakushuka.

Ngiri akainuka. Mpira haukuwepo, mechi haikuwepo. Akatoka mbio uwanjani peke yake, katikati ya nyasi ndefu, ameuinua mkia wima kabisa, ili aliye juu auone. Akakimbia hadi lango lile, akarudi hadi lango hili, mkia juu, mkia juu, mpaka ndege wa mwisho akaingia mawinguni.

Na Kanga, yule Kanga asiyenyamaza hata akilala, siku hiyo alisimama langoni akanyamaza kimya.

Ndiyo maana hadi leo Ngiri akikimbia mkia wake unasimama. Watu husema ni kwa ajili ya anayemfuata nyuma, wasipotezane majanini. Ni kweli. Lakini si yote.

Mmesikia, wadogo kwa wakubwa? Ukiwa na hamu na mtu, waambie wenzako mapema, maana ukiificha, siku ya kuamua itakuamulia yenyewe, tena mbele za watu. Na aliyekuja kukaa mahali pa aliyeondoka, mwache aite kwa sauti yake, nawe umwonyeshe ulipo.

Hadithi yangu imepiga magoti hapo hapo. Mwenye nguvu na aiinue.