Cherehani Haivuji Maji

Cherehani haivuji maji. Mmemsikia mama yenu mdogo akimjibu hivyo muuza samaki aliyeapa kuwa samaki wake ni wa leo, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Sogeeni basi, na wewe Shufaa acha hiyo simu. Neno hili lilizaliwa sebuleni, hapa hapa Tanga, kwa Bi Mwanamvua.

Bi Mwanamvua alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Hadia. Binti huyo alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na ndani yake hakufuga samaki kama watu wengine. Alifuga konokono. Si hawa wa bustanini wanaokula mchicha wetu. Wake walikuwa wa manjano wanaong'aa, na mmoja wa zambarau, wakitambaa kwenye kioo taratibu na vipembe vyao nje. Aliwachemshia majani, akawatwangia maganda ya mayai ili nyumba zao migongoni zisilainike. Mtoto wa jirani akilia, alipelekwa kwa Hadia akawatazame, akanyamaza.

Mama yake alikuwa akiona haya.

"Watu watasema tunafuga majini humu ndani," alilalamika.

"Si wako majini kweli, mama?" Hadia akamjibu, akacheka peke yake.

Ikafika siku wanawake wa upande wa mwanamume walipoleta habari kuwa wanakuja. Kijana alikuwa amempenda Hadia, na Hadia naye alikuwa amempenda, hata usingizi ukampungukia. Kilichobaki ni shangazi wa kijana, Bi Salha, aione nyumba na aseme neno lake. Akikataa yeye, wanaume hawaleti posa.

Hadia alikuwa jikoni akipanga visheti kwenye sinia. Bi Mwanamvua akasikia hodi, akalitazama tangi. Akavuta kanga kitandani akalifunika tangi lote, haraka haraka, asione kuwa pindo moja limezama ndani ya maji.

Wageni wakakaribishwa, wakaketi mkekani. Bi Salha akaegemea karibu na kile kilichofunikwa.

"Na hiki nini, Mama Hadia?"

"Hiki?" Bi Mwanamvua akarudia. "Cherehani."

"Alaa! Kumbe binti anashona!"

Hapo angeweza kurudi nyuma. Lakini uongo ukishapewa kiti huomba na chai. "Anashona sana," akasema. "Hata gauni hili nililovaa ni kazi yake."

Wageni wakaligusa gauni, wakalisifu. Wakati huo pindo la kanga lilikuwa likinyonya maji na kuyashusha chini, tone kwa tone. Maji yakapita mkekani. Bi Salha akajikuna, akajigeuza, akapapasa buibui lake nyuma. Akautazama mkono wake.

"Mama Hadia," akasema polepole, "cherehani yako inavuja maji."

Na juu ya kanga, konokono wa zambarau akajitokeza, vipembe mbele, kama aliyeitwa.

Hadia akaingia na sinia wakati huo huo. Bi Salha akamuuliza, "Binti, ati unashona?"

Hadia akamtazama mama yake. Akaona uso unaomwomba. Angesema ndiyo, angemstiri. Akaweka sinia chini.

"Sijui hata kutunga uzi kwenye sindano, shangazi. Hawa ni konokono wangu." Akaiondoa kanga.

Bi Salha akainama, akawatazama kwa muda. "Wazuri," akasema. Kisha akasimama. "Konokono tungewazoea. Ila sasa sijui ni kipi kingine humu kinachoitwa cherehani." Wakaondoka. Visheti havikuguswa.

Bi Mwanamvua akabaki akikausha mkeka, hainui kichwa. "Nimekuvunjia ndoa, mwanangu."

"Ndoa inauma," Hadia akasema. "Lakini mama, mimi ndiye uliyenifunika."

Asubuhi Bi Mwanamvua akaenda kwa Bi Salha. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanaomenya ndizi. Angeweza kumwita pembeni. Hakumwita. Akasimama mlangoni, akasema wote wasikie:

"Mwanangu hashoni. Hajawahi kusema anashona. Muongo ni mimi."

Mmoja akaguna. Mwingine akacheka chini chini. Bi Salha akamwacha asimame hapo mpaka machozi yakamtoka, ndipo akasogeza kigoda.

"Kaa, mwenzangu. Chukua kisu umenye."

Posa ililetwa, ingawa ilichelewa. Na siku ile Bi Mwanamvua alipokea wageni macho yakiwa chini.

Basi mtu akikupa neno zuri, nawe ukahisi unyevu unakupanda nguoni, usigombane naye. Wala usimcheke sana, maana aibu ile huchoma. Mwambie tu: cherehani haivuji maji.