Fisi na Kifungu cha Nne

Mwaka ule mvua iliisahau njia ya kwenda nyikani, ikabaki chemchemi moja tu. Wanyama wakakutana kuandika katiba, kwa kuwa kiu huleta busara ya haraka. Wakaichora kwenye bamba la udongo mbichi: maji ni ya wote, asiwepo wa kumzuia mwenzake, na sheria imfunge kila mmoja, hata mfalme. Kisha kila mnyama akabonyeza wayo wake. Simba alibonyeza wa kwanza, juu kabisa, ili vizazi vijavyo vijue nani alikuwa na wayo mkubwa. Maneno yenyewe hakuyasoma. Wafalme wana kazi nyingi.

Fisi akaajiriwa kuwa mlinzi, maana nani angefaa kulinda uhai wa wengine kama Fisi? Sungura, mwandishi wa baraza, akamsomea mkataba wake wa kazi.

"Sikiliza vizuri kifungu cha nne, Bwana Fisi."

"Soma tu, nakusikia," akasema Fisi, akiguguna mfupa wa pili baada ya chakula cha mchana. Akabonyeza wayo, akaurudia mfupa.

Wiki haikuisha, Digidigi akafika na mwanawe, midomo imewapasuka kwa kiu. Fisi alikuwa amelala katikati ya njia.

"Karibu, dada yangu. Maji yapo. Bonyeza ukwato hapa kwenye bamba langu kwanza."

"Pameandikwa nini?"

"Mambo madogo. Leo mnakunywa, kesho kutwa mwanao anakuja kukaa kwangu."

"Kukaa afanye nini?"

"Akae tu," akasema Fisi, akijilamba.

Digidigi akamtazama mwanawe, ambaye hakuwa tena na nguvu za kulia. Akabonyeza. Wakanywa.

Siku ilipofika, Digidigi alimkimbiza mtoto barazani kwa Simba. Fisi akawafuata na bamba lake.

"Mtukufu, mkataba ni mkataba. Aliyeweka alama, alama imfunge! Eti nilikuwa na kiu, nilikuwa na njaa, sikusikia, hayo si maneno ya barazani. Na paja la nyuma nimekuwekea wewe."

Simba akakohoa. "Mkataba unaonekana mzuri."

Sungura akainuka, mabamba mawili kwapani. "Ndugu Fisi, ulimpa nini Digidigi?"

"Maji."

"Maji ya nani?"

Fisi akajikuna. "Ya chemchemi."

"Yaani ulimpa yaliyo yake. Mkataba hutaka kila upande utoe chake. Chako kiko wapi? Na hiyo hiari yake ilitoka wapi, ikiwa uliziba njia kwanza ndipo ukamwomba akubali? Tena mtoto hawekwi rehani."

"Mfalme ameshakubali!" akafoka Fisi.

Sungura akaliinua bamba la katiba. "Mtukufu, huu wayo mkubwa juu ya maneno 'hata mfalme' ni wa nani?"

Simba angeweza kuukana, lakini ingekuwa kukiri kwamba nyikani kuna wayo mkubwa kuliko wake.

"Ni wangu," akanguruma. "Nani mwingine angekuwa nao?"

"Basi umekufunga."

"Umenifunga," akasema Simba, kwa sauti ndogo kidogo. "Mkataba wa Fisi ni batili."

Digidigi akamvuta mwanawe chini ya tumbo lake. Fisi akaanza kunyemelea mlango.

"Bado kifungu cha nne," akasema Sungura, akiinua bamba la pili, lile la mkataba wa kazi wa Fisi. "'Mlinzi atakayemzuia yeyote kunywa atafukuzwa kazi, naye atakunywa wa mwisho, baada ya kila kiumbe, hadi mvua inyeshe.'"

"Sikusikia! Nilikuwa na njaa!"

"Kwenye mfupa wa pili? Mimi nilikusomea, hakuna aliyekuziba masikio. Halafu ulisemaje hivi punde? Aliyeweka alama..."

"Alama imfunge!" wakaitikia wanyama wote.

Mvua ilichelewa miezi miwili zaidi. Kila siku Fisi alisimama mwisho wa foleni, nyuma ya Kobe, ambaye hakuwahi kuwa na haraka. Hakuna aliyemwambia pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.