Jiwe Alilolilamba Bwana Kiboko

Niwape ngano, nisiwape?

*Tupe!*

Mmekaa?

*Tumekaa, na miguu tumenyoosha!*

Haya, kaeni. Hata Bwana Kiboko alikuwa amekaa.

Alikaa ndani ya bwawa, na bwawa lilikuwa hilo moja tu katika nchi nzima. Akasema, "Langu!" Nani abishe? Kinywa chake kilikuwa kama mlango wa ghala. Wanyama wakamletea majani asubuhi, wakamletea majani jioni. Akila, analala. Akila, analala. Miguu yake ikasahau kazi.

Ugonjwa ukamwingia polepole, kama mchwa kwenye nguzo. Akashikwa na kiu isiyokatika. Gugu-gugu-gugu! Anakunywa. Anakojoa. Gugu-gugu-gugu! Anakunywa tena. Nyayo zikafa ganzi, na kidonda kidogo cha mwiba kikakataa kupona. Bwawa likashuka, likashuka, mpaka tope likaonekana. Mwingine akisogea kunywa, Kiboko anafungua kinywa.

Karibu na hapo, majabalini, aliishi Mama Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, na wanawe wawili. Yule mkubwa akashindwa na kiu. Mama Pimbi akamzika chini ya jabali. Akabaki na Tunu, midomo imempasuka.

Siku ile alilia. Siku ya pili akafuta uso, akaenda bwawani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Majani yako wapi?"

"Sikuleta majani. Nimeleta habari ya dawa. Kule kilimani kuna jiwe. Ukililamba, kiu inakatika."

"Lilete!"

"Likitoka mahali pake linakufa, Mzee."

"Basi nenda ulilambe wewe kwa niaba yangu."

"Kidonda chako, ulimi wangu? Itapona miguu ya nani?"

Kiboko akanuna.

"Tena ulilambe kila siku," akasema Mama Pimbi, "jua likiwa bado changa."

Kiboko akainuka. Tii! Tii! Tii! Kufika nusu ya njia, hee-hee-hee, anahema.

"Mama Tunu, bado?"

"Bado kidogo, Mzee."

"Bado?"

"Pale tu, nyuma ya ule mgunga."

Akafika. Akalamba. Lilikuwa jiwe tu, limejaa vumbi.

"Chungu!"

"Ndiyo dawa," akajibu Mama Pimbi.

Na huku nyuma watoto wa nchi nzima walikuwa bwawani, wanakunywa.

Kesho yake, tii, tii, tii. Keshokutwa, tii, tii, tii. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama tena, mpaka mwaka ukazunguka. Kiu ikapungua. Kidonda kikafunga. Njiani Kiboko akaanza kuitika salamu. Akamuuliza Kobe hali ya mgongo. Penye miiba alitangulia yeye kuikanyaga, ili Tunu apite. Na siku Mama Pimbi alipochoka, Kiboko mwenyewe alipiga magoti.

"Panda. Na mtoto apande."

Wakiwa mgongoni, wakamsikia akisema, "Mama Tunu, wote wananiogopa, kwa hiyo wote wananidanganya. Wewe peke yako hujanidanganya."

Neno lile lilimchoma Mama Pimbi. Siku ya tatu akasema, "Mzee, nisamehe. Lile ni jiwe tu. Nilitaka utoke majini, watoto wetu wanywe. Kilichokuponya ni kutembea."

Kiboko akasimama njiani.

"Mwaka mzima nimelamba jiwe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na Kobe anajua?"

"Wote wanajua."

Kiboko akageuka. Akarudi bwawani. Akakaa.

Asubuhi Mama Pimbi akamfuata. "Mzee, jua linapanda. Twende."

"Twende wapi? Dawa hakuna."

"Miguu yako ndiyo dawa!"

"Miguu ni miguu, Mama Tunu. Ninayo tangu kuzaliwa, na niliugua nikiwa nayo."

Akamwita kesho yake. Akamwita keshokutwa. Tunu naye akamwita. Hakuinuka.

Kiu ikarudi. Kidonda kikafunguka. Lakini safari hii Kiboko alisukuma tope kwa unyayo wake mbovu, akajenga ukingo, akaitenga kona moja ya bwawa. "Kona hii ya watoto," akasema. "Tunu anywe." Akanywa upande wake mpaka ukabaki tope. Kona ya watoto ilikuwa na maji, hatua moja tu kutoka kinywani mwake. Hakuigusa.

Akafa asubuhi, jua likiwa bado changa, uso ameuelekeza kilimani.

Ile njia aliyoichimba kwa nyayo zake ilibaki, pana, haina mwiba hata mmoja. Tunu alipita humo kila siku. Akifika, analamba jiwe.

"Mama, ni chungu."

"Ndiyo dawa, mwanangu," alijibu Mama Pimbi, akatazama pembeni.

Ngano yangu imefika, imeketi. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake niachieni mimi, nimeuzoea.

Na funzo lake? Watoto, semeni ukweli siku zote. Uongo ni mbaya sana, huponya watu.

Haya, inukeni sasa. Nyuma ya shamba la mihogo, kule mbali, nina jiwe langu. Ni dawa ya kila kitu. Nendeni mkalilambe, mrudi. Na asiniulize mtu kama ni kweli.