Mnara wa Meya

Bi Sikudhani, muuza uji mbele ya shule ya msingi, alikwenda tena kwa Meya kuomba tuta la barabarani, maana watoto walishindwa kuvuka, magari yakipita kama yanafukuzwa.

“Liko kwenye kamati,” alisema Meya. Lilikuwa huko tangu mwaka juzi.

“Basi tuliache, mheshimiwa. Wazazi tunataka kukujengea mnara wenye jina lako. Tuuweke nyuma ya madarasa?”

“Huko nani atauona? Wekeni katikati ya barabara!”

Kibali kilitoka siku hiyohiyo.

Mnara ukasimama, mnene kama tangi la maji. Kila dereva akapunguza mwendo kuuzunguka, watoto wakavuka. Siku moja Meya mwenyewe alikwama pale nyuma ya lori, akashusha kioo.

“Ubomoeni leo hii!”

“Mnara wa jina lako?” alijibu Bi Sikudhani akimimina uji. “Hilo, mheshimiwa, mpaka kamati ikae.”