Kemshafti Kali ya Eliamini

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi ambazo milima ya Upare ilikwisha kuzoea harufu ya petroli, palikuwa na mtu akiitwa Eliamini. Alikuwa na mke, Nakiete, mwenye mimba ya kwanza. Alikuwa pia na gari la mgongo wa kobe, lile ambalo injini yake hukaa nyuma, halina rejeta wala maji, linapozwa kwa upepo tu. Watu walisema anawapenda wote wawili, ila gari ndilo alilolisifia barabarani.

Injini ikafa. Fundi Kalage akaifungua yote, akasema, "Kemshafti imelika. Tuweke nyingine, na wewe ndiye wa kuchagua."

Kemshafti, kwa asiyeijua, ni fimbo ya chuma yenye nundu. Inazunguka, nundu zinasukuma valvu, injini inapumua. Nundu zikiwa fupi, injini inapumua kama mtu anayelima: taratibu, na nguvu ipo tangu mwanzo. Zikiwa ndefu, na hiyo ndiyo kali, inapumua kama mtu anayefukuzwa na nyuki: ikishika kasi haikamatiki, lakini kabla ya hapo inajikwaa tu.

"Niwekee kali," Eliamini akasema. "Nikipita, watu watoke madukani."

Kali ikaagizwa mjini. Ilipofika, Eliamini aliiona mara moja tu, imezungushiwa karatasi yenye grisi. Akaipapasa juu ya karatasi, akaondoka anapiga mluzi.

Hajafika mbali, Nakiete akaingia gereji.

"Shemeji Kalage, nitajifungua wakati wa masika. Gari hilo litanipeleka hospitali kwenye matope, halinipeleki mashindanoni. Weka ya upole."

"Shemeji, mwenye gari amesema kali."

"Na mwenye tumbo anasema upole."

Kalage akakuna kichwa. Alijua mama huyu hakukosea: injini ya upepo ukiipigisha kelele huku gari limekwama, itaiva kama kiazi. Lakini alimjua na Eliamini. Akiambiwa ukweli atalihamishia gari kwa fundi mwingine. Akaweka ya upole. Kisha akatoboa ekzosi matundu mawili, gari likanguruma kama linataka kung'ata mtu. Ile kali akampa Nakiete aifiche, na Nakiete akaifanya komeo la banda la kuku.

Eliamini akawa mtu mwenye raha. Kila asubuhi alilichomoa komeo, akafungulia kuku, akalirudisha, akaenda kuwasha gari. "Isikilizeni hiyo kemshafti," akawaambia majirani. Majirani wakasikiliza matundu mawili.

Masika yakaja, na uchungu ukamshika Nakiete mchana, mvua ikimwagika. Mama yake Eliamini, Bi Nambike, akapanda naye kiti cha nyuma, amemkumbatia. Hospitali ilikuwa juu mlimani, na njia zilikuwa mbili. Moja ndefu, yenye daraja, inayozunguka bonde polepole. Nyingine fupi, imesimama kama ngazi, na mvua ikinyesha hata mbuzi waliiogopa.

Eliamini akakata kona kuingia ile fupi.

"Mwanangu, unatupeleka wapi?" mama yake akauliza.

"Mama, tulia. Nina kemshafti kali."

Nakiete alitaka kusema neno, uchungu ukamziba mdomo.

Gari likaingia kwenye tope jekundu. Likapanda hatua kwa hatua, kama punda mwenye magunia, bila kuteleza, bila kukata pumzi. Eliamini akashangaa kidogo kuona ukali unakwenda taratibu vile. "Mnaona inavyojizuia?" akasema. Bi Nambike alikuwa anasali. Wakatokea juu, wakaingia hospitali, na mtoto wa kiume akazaliwa nesi akiwa hajamaliza kuvaa glovu.

"Mmepita njia gani?" nesi akauliza baadaye. "Daraja la njia ndefu limesombwa tangu asubuhi."

Bi Nambike akamwinua mjukuu wake. "Aliyemfikisha mtoto huyu salama ndiye atakayempa jina. Nimesema, sirudi nyuma."

"Basi ataitwa Ngurumo," Eliamini akasema, "kwa heshima ya kemshafti."

Sauti ya Nakiete ikatoka kitandani, dhaifu lakini inasikika. "Mume wangu, kemshafti yako ndiyo komeo la banda la kuku."

Wakati huo Kalage akatokea mlangoni, amelowa, miguu imejaa tope. Alisikia gari limeshika njia fupi ya mlima, akafuata alama za matairi. Akaeleza yote, mpaka matundu ya ekzosi. Eliamini akakaa kwenye benchi, akainamisha kichwa.

Nakiete akasema, "Ingekuwa kali, tungekwama topeni na injini ingeungua. Aliyechagua ya upole ni mimi. Mtoto ni Mbonea, jina la marehemu baba yangu."

Eliamini akainua kichwa. "Ningejua ni ya upole, nisingethubutu mlima ule. Ningepita njia ndefu, na sasa tungekuwa tumesimama mbele ya mto usio na daraja. Nyie mlichagua kemshafti, mimi nikachagua njia. Ni Ngurumo."

Kalage akajifuta uso. "Shemeji, wewe ulisema tu, mkono ulikuwa wangu. Na wewe, Eliamini, ujasiri huo niliutoboa mimi kwenye ekzosi. Ningemtii mmoja wenu peke yake, tungekuwa msibani. Mimi nina mabinti watupu, hakuna anayebeba jina langu. Mwiteni Kalage."

Bi Nambike akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama wa tatu. Wote walikuwa wamedanganya au kudanganywa, na mtoto alikuwa hai, amelala mikononi mwake bila jina. Neno lake alikuwa amekwisha kulitoa.

Nanyi mliokaa hapa, mngekuwa yeye, mngefanyaje? Nani alistahili kumpa mtoto yule jina: aliyechagua chuma, aliyechagua njia, au aliyetoboa ekzosi?