Jina la Mtoto na Indiketa Zilizopepesa

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, ni juzi tu balbu za LED zilipoanza kujaa kwenye maduka ya vipuri, alikuwako bwana mmoja wa milima ya Rungwe, jina lake Asajile. Alikuwa na Corolla kuukuu na mke mjamzito, Tusekile. Indiketa za gari lile zilikuwa hafifu kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Na huko kwao ukungu ukishuka, ng'ombe humwoni mpaka umshike pembe. Kila Asajile akikata kona, nusura agongwe kwa nyuma.

Basi akaenda kwa Ipyana, fundi umeme wa magari. Ipyana akatoa balbu za zamani, akatia za LED, mbele na nyuma. Akawasha. Lo! Mwanga ulikuwa wa kuumiza macho, lakini zilipepesa mbiombio, titititi, kama zimefukuzwa na nyuki.

"Mbona zina wazimu?" Asajile akauliza.

"Balbu hizi zinakula umeme kidogo mno, kaka," akasema Ipyana. "Flasha, kile kidude kinachozipepesa, inadhani balbu imeungua, ndiyo maana inahangaika. Inatakiwa flasha mpya. Nilikuwekea, kumbe nimeisahau nyumbani. Rudi kesho nikufungie."

Kesho yake Asajile akashika ufunguo. Tusekile akamzibia mlango, tumbo mbele.

"Huendi. Ziache hivyo hivyo. Gari letu miaka yote limesinzia, leo limechangamka, wewe unataka kulilaza tena?"

Asajile kwa mkewe hakuwa na kauli. Akarudisha ufunguo msumarini. Mnacheka? Hata nyinyi mngeurudisha.

Haya. Siku ya siku uchungu ukamshika Tusekile. Mkunga wa zahanati akampapasa, akatikisa kichwa: mtoto amekaa vibaya, mkimbizeni hospitali ya mkoa. Tusekile akaingia kiti cha nyuma na mama mkwe wake, Asajile akashika usukani. Kufika mlimani, ukungu umetanda, na mbele yao malori yamefuatana, yanapanda kwa kujikokota. Pa kupita hapana. Nyuma mke analia, analia kweli. Asajile akawasha indiketa zote kwa pamoja, akashindilia honi, akapiga ukelele:

"Yeyote atakayetuvusha mlima huu, mtoto huyu ataitwa jina lake!"

Mama yake alisikia. Na Tusekile, pamoja na uchungu wote ule, alisikia.

Lori la mwisho liliendeshwa na Mhando, limejaa ndizi mpaka juu. Mhando akatazama kioo cha pembeni. Gari halionekani, taa tu zinapepesa kwa fujo ndani ya ukungu. "Ole wangu, msafara wa mkubwa!" Nanyi mnazijua barabara zetu, mkubwa akipita, wadogo pembeni. Akapiga honi kuwaarifu wenzake wa mbele. Akachungulia, hakuona taa za gari linalokuja. Akatoa indiketa ya kushoto, ambayo kwa madereva wetu ni kusema, pita, hakuna mtu. Kisha akajibana pembeni, akajibana, mpaka tairi za nyuma zikazama mtaroni. Wa mbele nao wakajibana. Corolla kuukuu ikapita kama imebeba waziri.

"Mngechelewa kidogo tu," daktari alimwambia Asajile baadaye, "ningewakabidhi maiti mbili."

Akazaliwa mtoto wa kiume, mapafu kama tarumbeta. Mama yake Asajile, mdomo haukai, akaieneza ile ahadi soko zima, ikamfikia hata Mhando wa ndizi, na siku ya kumpa mtoto jina wakafika wote waliojiona wanastahili. Desturi ya nyumba ile, mwenye jina ndiye humpokea mtoto na kumwita mara ya kwanza. Tangu hapo huwa mzazi wake wa pili.

Ipyana akasema, "Ni mimi niliyetia balbu zile. Bila mimi mngepanda na vibatari vyenu. Aitwe Ipyana."

"Lakini flasha uliisahau," akasema Asajile.

Mhando akasema, "Mimi nilifungua njia. Nimelala mtaroni, ndizi zimeivia humo humo, nimewagawia mbuzi. Aitwe Mhando."

"Lakini ulidhani ni mkubwa. Ungejua ni mimi?"

Mhando akakuna kichwa. "Ndugu yangu, sitakudanganya. Ningekuacha upige honi yako."

Ndipo Tusekile akasema, "Na ni nani aliyekukataza kwenda kufunga flasha? Zingepepesa polepole kama za watu wengine, ni lori gani lingehama? Jina langu ni la kike, basi aitwe Ambakisye, jina la marehemu baba yangu, nami nimpokee kwa niaba yake."

"Lakini wewe mke wangu ulizipenda tu, kwa mapambo!"

"Nilizipenda tu," Tusekile akajibu. "Na fundi alisahau tu. Na dereva alidanganyika tu. Nani hapa alikusudia kumwokoa mwanangu?"

Asajile akamtazama fundi, akamtazama dereva, akamtazama mkewe. Aliyekusudia alikuwa yeye peke yake, na yeye alichofanya ni kupiga honi na kupiga kelele. Kila akimpa huyu, aliona anamdhulumu yule. Akivunja ahadi, ni ahadi aliyoitoa mwanawe akiwa mlangoni mwa kifo.

Mama yake akamnyanyua mtoto, akauliza, "Nimpe nani?" Mikono sita ikanyooshwa mbele yake kwa pamoja. Mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyejua amnyamazishe kwa jina gani.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mnajifanya mnajua kila kitu, jibuni basi: mtoto yule apokewe na nani? Aliyesahau, aliyedanganyika, aliyependa pambo, au yule aliyetaka kwa moyo wote na hakuweza? Je, nani alistahili?